Vyumba Vinavyotazama Mto

Raihana akipelekwa kukagua nyumba, hakuanzia sebuleni. Aliingia chooni. Akitoka chooni akaenda jikoni, akitoka jikoni akainua godoro la kitanda cha kwanza alichokikuta, akainama, akanusa. Wenye nyumba walinuna, wengine walimtukana waziwazi, naye aliwajibu akiwa bado ameinama: "Nyumba njema si mlango, bwana. Mlango wako nimeuona, unang'aa. Sasa niache nione kilichomo."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake pale Biryogo, kama mtu atapenda kuiita kazi. Kibarazani kwake aliuza chai na maandazi. Wafanyabiashara waliokuja Kigali kutoka Bujumbura, Bukoba na Goma, wakishuka na vifurushi vyao kwenye stendi ya Nyabugogo kule bondeni, waliambiwa na wenzao: panda mpaka kwa Mama Shakira, yeye atakwambia ulale wapi. Raihana alimtazama mtu, akamuuliza anauza nini, anaswali au haswali, anakoroma au hakoromi. Kisha akakata shauri. "Wewe nenda kwa Théoneste, kule juu. Kwa yule wa karibu na soko usikanyage, mashuka yake hubadilishwa Idi mpaka Idi." Na ilikuwa kweli tupu. Watu wa gesti walimchukia na kumnyenyekea kwa pamoja, na ikifika Ramadhani walimletea tende.

Kinyaa alizaliwa nacho. Baba yake, fundi cherehani ambaye babu yake alifika Rwanda na misafara ya watu wa pwani, alikuwa akisema binti huyu ana pua ya kunusa uongo ndani ya chungu kilichofunikwa. Hakula kwa mtu kabla ya kuliona jiko lake. Kanga yake hakuiazima. Mtoto wake Shakira alipoposwa Bujumbura, Raihana alipanda basi kwenda kukikagua choo cha wakwe, akarudi akasema sawa, aolewe. Watu walicheka, lakini ndoa ile mpaka leo imesimama.

Vita ilipoanza mwaka wa tisini, wageni walipungua. Barabarani pakawa na vizuizi, gesti zikawa zinadai vitambulisho, na watu wakaanza kuulizana makabila mpaka mezani. Raihana aligundua kinyaa kingine, kisichohusu mashuka. Mtu aliyekunywa chai kwako jana, leo anatema mate akimwona jirani yako anapita! Ptu! Alimwambia mmoja wao, uso kwa uso: "Kikombe changu kirudishe, na usikiguse tena." Maskini, alidhani kumnyima mtu kikombe kutamtia aibu.

Mwezi wa nne wa tisini na nne nitaupita haraka. Wenye haki ya kuusimulia wapo, na mimi si mmoja wao. Yatosha kusema kwamba pale mtaani watu walificha watu, Raihana alificha wake nyuma ya majora ya vitambaa ya marehemu baba yake, na wengi wengine hawakupata wa kuwaficha. Mito ya bondeni, Nyabugogo na Nyabarongo, ilibeba kile ilichobebeshwa na binadamu. Risasi ziliponyamaza mwezi wa saba, mji ulikuwa mtupu na mbwa walikuwa wamenenepa. Basi, na tuishie hapo.

Ndipo wakaanza kurudi watu waliozaliwa nje, watoto wa wakimbizi wa zamani, kutoka Uganda, Tanzania na Burundi. Walirudi na pikapu, na ng'ombe, na lugha zao za huko. Kurudi ilikuwa haki yao, nani atambishia mtu kwao? Lakini kulikuwa na namna ya kurudi. Mtu alisukuma mlango, akafungua kabati, akakuta nguo za watu, akazisogeza kando akatundika zake. Kisha akaokota kipande cha mkaa akaandika jina lake mlangoni. Nyumba isiyo na mtu ndani ilikuwa ya aliyeingia kwanza, na mwenyewe akitokea baadaye, basi aanze kuhangaika na mashahidi. Raihana alipita mitaani akasoma majina yale ya mkaa, na kila jina alilisonya.

Katika siku hizo ndipo Frederick alipofika kibarazani kwake.

Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, shati limepigwa pasi, maneno yake ya upole. Alizaliwa kambini Uganda, akakulia Kampala akiuza vifaa vya ujenzi. Alikunywa chai, akasifu maandazi, kisha akaleta shida yake.

"Mama, mimi nataka kufungua hoteli. Hawa wazungu wa misaada iko wengi sana, wanalala kwa mahema. Watu wameniambia wewe ndiye unajua Kigali. Nichagulie mtaa muzuri, na nyumba muzuri."

"Nyumba ya nani?" aliuliza Raihana.

"Yoyote. Ziko nyingi, hazina watu."

Raihana alitaka kumfukuza. Lakini mwanamume yule alikuwa na adabu, alivua kofia, alimwita mama. Tena gesti zote alizozijua zilikuwa zimefungwa au zimechomwa, na yeye alikaa kibarazani siku nzima bila hata mgeni mmoja wa kumpeleka mahali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijisemea. Akajifunga kanga vizuri, akapanda kwenye pikapu.

Walianza Kiyovu, kwenye majumba ya wakubwa na miti yake mirefu. Frederick aliitazama bustani, akahesabu madirisha, akafurahi. Raihana akaingia ndani kama kawaida yake. Choo kilikuwa cha vigae vyeupe, kikubwa kuliko chumba chake cha kulala. Alipofika jikoni alisimama. Mezani palikuwa na sahani nne, na chakula chake kimekaukia juu kikawa kama udongo, na chini ya kiti kimoja palikuwa na kiatu cha mtoto, kimoja tu, ukanda wake umefungwa. Watu waliinuka wakaenda, kijiko kiko ndani ya sahani.

"Hapa hapana," alisema alipotoka.

"Kwa nini, mama? Choo kibaya?"

"Choo kizuri."

"Basi? Tutapaka rangi."

Siku nyingine wakaenda Remera. Nyumba za karibu na uwanja wa Amahoro zilikuwa zimetobolewa na risasi, lakini Frederick alikuta moja yenye ua mpana wa kuegesha magari, akaanza kuonyesha kwa mkono hapa mapokezi, hapa baa. Raihana hakufika hata mlangoni. Alisimama uani, pua juu. Palikuwa na shimo la choo cha nje, limefunikwa kwa mlango uliong'olewa mahali, na juu ya mlango wamepanga mawe. Mawe mengi, yaliyopangwa kwa haraka.

"Harufu itatoka na dawa," alisema Frederick. Alikuwa ameziba pua kwa leso. "Tutamwaga dawa, tutapaka rangi."

"Astaghfirullah! Harufu hii haitoki kwa dawa, baba. Hii inatolewa kwa koleo, na sala, na majina ya watu. Nitoe hapa!"

Walipitia Kimironko, ambako wakati ule kulikuwa na migomba mingi kuliko nyumba, Frederick akasema ni mbali mno, mzungu hatafika. Raihana alimshukuru Mungu kwa umbali.

Adhuhuri alimkaribisha mgeni wake chakula, maana hata ukiwa umechukia, mtu aliyekuzungusha na gari lake hatoki kwako na njaa. Alipika wali na samaki wakavu wa nazi ya unga, akamtilia sahani. Frederick akashika kijiko, kisha akakiweka chini.

"Samaki huyu anatoka wapi, mama?"

"Bukoba. Nilinunua kwa mtu wa zamani, sijui alimweka tangu lini."

Akaisukuma sahani taratibu mpaka katikati ya meza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Unisamehe. Sisi kule Uganda, samaki ya ziwa tumeacha tangu mwezi wa tano. Huu mto wenu unamwaga kwa ziwa letu. Tuliona kilichofika. Wavuvi walikuwa wanatoa maiti, wamefunga vitambaa midomoni." Akajifuta mikono kwenye suruali, ingawa samaki hakumgusa. "Nikimwona tu, nasikia kutapika."

Raihana aliinuka, akachukua sahani ile, na yake, na sufuria lote, akaenda kumwaga shimoni nyuma ya nyumba na kusugua sufuria kwa majivu mara mbili. Yeye mwenye pua ile yote, na hilo hakuliwaza! Aliporudi alimkaangia mayai. Moyoni akasema: huyu ana tamaa, lakini mtu bado yumo ndani yake. Kwa ajili ya sahani ile alimsamehe Kiyovu, akamsamehe na Remera.

Hapo ndipo alipokosea.

Kila Ijumaa Raihana alimpelekea chakula shoga yake Mukabalisa, aliyekuwa eda. Mume wa Mukabalisa, Bizimana, fundi mwashi, alipita salama miezi yote ya mauaji akaja kufa mwishoni mwa mwezi wa saba kwa kuhara damu, mji hauna daktari wala dawa. Mkewe akakaa eda kama ilivyo sheria: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya marehemu, bila manukato, bila nguo ya kupendeza, bila kuonana na wanaume wasio maharimu zake. Nyumba yenyewe Bizimana aliijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, kule mwisho wa Nyamirambo ambako mlima unaanza. Ilikuwa na vyumba sita, kwa sababu alitarajia watoto ambao Mungu hakuwapa. Mukabalisa hakuwa na kingine duniani. Ndugu zake wa damu walikuwa wamekwisha.

Ijumaa ile Frederick alisema, "Mama, kapu iko nzito, nitakupeleka." Akampeleka. Raihana akaingia kwa mjane nyuma ya pazia, akamwacha mgeni nje. Alipotoka hakumwona garini. Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kibaraza ambacho Bizimana alikijenga apunge upepo jioni. Amesimama mikono kiunoni. Chini yao bonde lote lilikuwa wazi, mashamba, mafunjo, na Nyabarongo inajikunja katikati, rangi ya matope.

"Hii," alisema Frederick. "Hii ndiyo hoteli! Mama, kwa nini ulinificha? Mzungu anaamka asubuhi, anafungua dirisha, anaona mto. Vyumba vyote vinatazama mto."

Raihana alifikiri anatania. "Hii ina mwenyewe. Yuko ndani, anakusikia."

"Bwana yake si alikufa? Mama mmoja atafanya nini na vyumba sita? Nitamuachia kimoja cha kule nyuma, na atapikia wageni. Anajua kupika?"

Sauti ilitoka dirisha la pembeni, nyuma ya pazia, ndogo lakini kavu: "Mwambie nyumba ya Bizimana haina nafasi."

Frederick aliinamisha kichwa kwa heshima, akaomba radhi. Njiani kurudi akawa anauliza maswali, kwa ule upole wake. Huyu mama atakaa ndani mpaka lini? Eda ni nini? Na ikiisha, mnafanyaje? Na Raihana, ambaye alipenda mila za kwao kuliko alivyopenda watu wengi, alijibu moja baada ya jingine. Mtu akikuuliza juu ya mila yako kwa adabu, ulimi wenyewe unateleza. Akamsimulia alivyotolewa yeye eda, zamani, Shakira angali mgongoni. Wazee wao walitoka pwani, na pwani mjane hupelekwa baharini kuogeshwa. Hapa bahari haipo, basi bibi zao wakasema mto ni mdogo wake bahari. Alfajiri wanawake wote wa mtaa huja kumchukua mjane, wakashuka naye mpaka Nyabarongo wakiimba kaswida, wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, na kurudi kwa njia nyingine ili huzuni isijue pa kumfuata.

"Wanawake wote?" aliuliza Frederick.

"Wote! Hata mgonjwa hubebwa. Nyumbani habaki mtu, ni mwiko. Nyumba nayo hupumzishwa."

"Mila muzuri sana," alisema Frederick. "Na huyu mama wa leo, siku yake ni lini?"

Raihana akaitaja.

Siku moja kabla, Frederick alileta mwenyewe gunia la mchele na chupa ya samli kwa ajili ya shughuli. "Mpike, mle, wanawake wote wakuje," alisema. Raihana aliusifu mchele ule mtaa mzima. Aliupima kwa kiganja, akaunusa, ulikuwa safi, hauna hata kijiwe.

Sasa sikilizeni. Kuhusu mto, miongoni mwa wanawake wale hakuna aliyesema kitu. Hapakuwa na kikao, hapakuwa na aliyeshauri. Mvua zilikuwa zimenyesha, na wiki nzima kila aliyepita kwa Mukabalisa aliangalia pipa lililokinga maji ya bati, akalifunika vizuri kwa gunia safi. Maji ya juu, yaliyotoka mbinguni moja kwa moja, hayakupita popote. Alfajiri ya siku ile waliingia mmojammoja kwa mlango wa uani, vichwa vimefunikwa, bila kaswida ya njiani, maana wengi wao walikuwa na misiba yao ambayo haikupata hata kaburi. Walimkalisha Mukabalisa kwenye kigoda katikati ya ua wa ndani, wakatanda kanga kumzunguka, na Raihana akashika kata. Waliimba kwa kunong'ona. Mtu aliyekuwa barabarani angeapa nyumba ile haina mtu.

Kata ya kwanza, kata ya pili. Mukabalisa alifumba macho, maji yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilia kwa sauti.

Ndipo wakasikia gari. Halafu la pili. Milango ya gari ikafungwa, wanaume wakasemezana, na kitu cha chuma kikaanza kugonga komeo la mlango wa mbele. Kililigonga bila haraka, kwa utulivu wa mtu aliye kwake.

Raihana hakuelewa mara moja. Alidhani ni wezi. Kisha akaisikia sauti ile ya upole ikisema, "Pole pole, musiharibu mlango, tutautumia," na damu ikampanda kichwani yote kwa mkupuo. Mchele! Akauona mchele ule, kiganja kwa kiganja. Akakabidhi kata kwa jirani, akajitanda kanga iliyolowa, akakatiza sebule, na komeo lilipong'oka yeye ndiye aliyeufungua mlango.

Frederick alikuwa na kufuli jipya mkononi. Nyuma yake vijana wawili walikuwa wamebeba godoro, bado limo ndani ya nailoni, na ndani ya pikapu mengine yamepangwa hadi juu. Kibao cha mbao kilichokwisha andikwa kiliegemezwa ukutani, herufi za Kiingereza za bluu, kikimaanisha hoteli ya kutazama mto, na chini yake amechora mawimbi. Katika gari la pili, karibu na dereva, alikaa mwanamke aliyevaa vizuri, mkewe Connie, ameletwa kuona makazi yake mapya.

"Mama Shakira," alisema Frederick. Kufuli likamning'inia kidoleni. "Mimi nilijua… nilijua hamuko."

"Tuko wapi?"

Akalificha kufuli ndani ya kiganja.

"Nakuuliza, baba. Ulijua tuko wapi?"

"Mtoni," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuitaka itoke.

Raihana angeweza kumtukana, matusi anayo, Biryogo haikosi matusi. Badala yake aliongea taratibu, na wanawake waliokuwa nyuma yake walisema baadaye kwamba hawakupata kumsikia akiongea hivyo.

"Uliketi mezani kwangu. Samaki uliyepewa hukumgusa. Samaki tu, tena mkavu, tena wa mbali huko, ziwani kwenu, ambako maji haya yanafika yamechoka. Ulisema ukimwona unatapika, na mimi nikamwaga sufuria langu nikakuona una utu. Sasa sisi tulio hapa, ambao mto huu ulichukua watu wetu tunaowajua kwa majina, sisi ulidhani tumeushukia tukaoge? Ukatuletea na mchele wa kutupa nguvu ya kutembea? Samaki wake hukumla, Frederick, lakini mjane ukamtuma akajimwagie! Ptu!" Na akatema kweli, pembeni ya kiatu chake kilichopigwa rangi. "Nimenusa vyoo vya mji huu maisha yangu yote. Sijaona uchafu kama wewe."

Vijana waliweka godoro chini. Hakuna aliyewaambia waliweke.

Frederick alifungua kinywa, na mtu angeweza kubahatisha kwamba angetaja rangi ya kupaka. Lakini alikigeukia kibao chake, yale mawimbi ya bluu, akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu kichafu kitandani mwake. Mkono ukamwenda mdomoni. Alitembea haraka mpaka kona ya nyumba, akashika ukuta wa Bizimana, akatapika.

Connie alikuwa ameshashuka. Alikuwa amesikia yote. "Uliniambia nyumba haina watu," alimwambia mumewe mgongoni, kwa Kinyarwanda, mara moja tu, wala hakungoja jibu. Akavua viatu vyake vya visigino akaviacha kizingitini. "Mama," alimwuliza Raihana, "naruhusiwa kuingia kumpa pole?" Raihana alimtazama kuanzia unyayo hadi kichwani, akajisogeza kidogo, akampisha. Mlango ukafungwa, na kwa kuwa komeo lilikuwa limevunjika, wanawake wawili wakaegemeza migongo yao.

Magari yaliondoka na magodoro. Kibao kilisahaulika, na mchana wanawake walikipasua wakapikia pilau. Mchele, msiniulize: Raihana alitaka umwagwe, Mukabalisa akasema mchele haukukosa kitu, upikwe walishwe masikini. Na Frederick hoteli aliipata mtaa mwingine, akafanikiwa, siku hizi anasalimiwa na watu wakubwa. Mara mbili alituma gari kumwomba Raihana akamkagulie vyumba. Gari lilirudi tupu. Lakini tangu siku ile, mgeni akija kibarazani kuuliza alale wapi, Raihana hakuanza na choo tena. Alianza kwa kuuliza nyumba ni ya nani, na huyo mwenyewe yuko wapi.

Turudi asubuhi ile. Walimaliza kumwogesha Mukabalisa, Connie akishika ncha ya kanga pamoja na wengine. Walimvika gauni jipya la kijani, wakamfukiza udi, akasomewa dua. Jua lilikuwa limetoka. Wakamwambia sasa yuko huru, akae nje apigwe na hewa, miezi yote hii hajaiona nje ya nyumba yake. Raihana akabeba kiti alichokuwa akikalia Bizimana jioni, cha mbao na ngozi, akakiweka kwenye kibaraza cha nyuma mahali pake pale pale pa siku zote, kinakotazama bonde.

Mukabalisa alitoka, akashika kiti kwa mikono miwili, hakukaa.

"Bizimana alikipenda hapa," alisema. "Mimi dirisha la huku nimelipigilia misumari tangu mwezi wa nne. Kigeuzeni."

Wakakibeba, wakakizungusha mpaka mbele ya nyumba, wakakiweka kikitazama barabara. Hapo akakaa, akaomba chai.